Bahari Haijui Alhamisi

Sogeeni karibu, na anayetaka kukohoa akohoe sasa hivi. Hadithi yangu haina jini wala mfalme. Ina watu watatu, kitanda kimoja, na chuki inayotosha kijiji kizima. Mwisho wake nimejaribu kuuamua mwenyewe mara nyingi nikashindwa, kwa hiyo leo nimewaletea ninyi mgombane.

Mashariki ya Pemba kipo kisiwa kidogo kiitwacho Kipanga. Hakina kijiji wala duka. Kina kituo kimoja cha kupimia hewa ya baharini, na katika kituo hicho walikaa watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Faki Kombo, mwenye pua. Miaka ishirini alipanga madaraja ya karafuu huko Wete. Ukimwekea gunia lililofungwa, aliliinamia mara moja akakwambia karafuu hizi zilianikwa juani, hizi zilinyeshewa zikamaliziwa jikoni, na hizi mwenyewe kajaza makonyo, vile vijiti vya karafuu, chini akidhani hatuoni. Huko Kipanga alipanda mnara wa mita kumi na tano kila asubuhi, akabadili vichujio vya mrija wa hewa na kujaza sampuli katika makopo ya chuma. Akisikia moshi wa meli iliyopita mbali, hata kama meli yenyewe haionekani, aliandika daftarini: leo hapana. Hakuwahi kukosea.

Wa pili alikuwa Kalunde, mwenye sikio. Ni mwanamke wa Kinyamwezi kutoka Urambo, fundi, na ufundi wake aliuanzia kwenye mashine za kusaga za baba yake. Alisimama mlangoni kafumba macho, akaisikiliza injini kidogo, kisha akataja beringi iliyochoka. Wakifungua wanaikuta ni hiyo hiyo. Jenereta, betri, pampu na mirija yote ya kituo ilikuwa mikononi mwake.

Wa tatu alikuwa Mize Makame, mwenye jicho. Vipimo vya Kipanga vilitokea kwenye skrini kama mstari wenye vilele vingi, vimejazana mithili ya meno ya msumeno. Wengine waliona msumeno. Mize aliona jino lililokaa vibaya. Huyu ndiye nitakayekaa karibu naye katika hadithi hii, na msidhani ni kwa sababu ni mwema kuliko wenzake.

Mashine waliyoitumikia wote waliiita Mzani. Ilivuta hewa kutoka juu ya mnara kwa mrija mrefu, ikaipiga umeme, kisha ikazirusha mbio chembe za gesi zilizomo. Nyepesi zilitangulia, nzito zilifuata, na kila aina iliandikwa kwa namba ya uzito wake. Gesi hata iwe haba kiasi gani, chembe chache katika trilioni, Mzani uliiona.

Sasa tuje kwenye chuki. Watu hawa hawakupikika chungu kimoja. Jikoni palikuwa na mabirika matatu, majiko matatu, na makopo matatu ya sukari yaliyoandikwa majina. Faki alimchukia Mize kwa sababu mwaka juzi, mbele ya wageni, Mize alizifuta sampuli zake za mwezi mzima akisema makopo hayakuoshwa. Yalikuwa yameoshwa. Kalunde alimchukia Faki kwa sababu kila akisema naye alipaza sauti na kuyakata maneno vipande vipande, kana kwamba mtu wa bara hajui Kiswahili. Na Mize alimchukia Kalunde kwa sababu walilala chumba kimoja, Kalunde akapiga mstari wa chaki sakafuni, akachukua upande wa dirisha, akamwachia Mize kona ya ndani isiyopata hewa, penye kabati la nguo. Mstari ukifutika, Kalunde aliupiga upya.

Jumanne moja ikaja barua pepe kutoka kwa mkuu wao aliyeko Tanga, Daktari Salha. Kwa wiki sita Mzani ulikuwa umeonyesha kilele kikubwa kwenye namba tisini na nne, na Mize alikuwa ameshampelekea habari. Alimwandikia kuwa ni methili bromidi, gesi inayolitafuna tabaka la ozoni linalotukinga na jua kali, tena ikitoka baharini kwa wingi usiotarajiwa. Daktari Salha aliwajibu wote watatu hivi:

"Ikiwa ni kweli, ni jambo kubwa. Mwezi ujao meli ya utafiti inapita Tanga kwenda kusini kabisa, nami nimepewa kitanda kimoja humo, safari ya miezi minane. Kitanda ni cha aliyekigundua kipimo hiki. Kihakikisheni, kisha nileteeni fomu ya bandari niliyoiambatisha hapa kwa boti ya Jumamosi: jina moja, sahihi tatu. Yakija majina mawili, au sahihi ikipungua, kitanda nawapa kituo kingine. Nawajua ninyi."

Mize aliisoma barua hiyo mara nne. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na vitanda vya meli zile huja mara chache mno. Miaka saba nyuma aliwahi kupewa kitanda kama hicho, mama yake akaugua, akakirudisha. Mama akafa hata hivyo. Tangu hapo alikuwa amepima hewa iliyopita juu ya majiko, malori na mashamba ya watu, na alichokitamani duniani kilikuwa kimoja: kuipima hewa ya kusini, iliyosafiri wiki nzima bila kugusa nchi kavu. Safari hii akiikosa, basi. Hakuna nyingine.

Lakini jicho lake lilikuwa limeshaona kitu. Kile kilele cha tisini na nne hakikupanda ovyo. Kilipanda kila Alhamisi baada ya alasiri, kikakaa juu Ijumaa, kikashuka Jumamosi. Wiki sita, mara sita. Na bahari haijui Alhamisi.

Mize alijua nani anaijua. Sheria ya kwanza ya kituo ilibandikwa ukutani kwa herufi kubwa: hapana moshi, hapana manukato, hapana dawa ya mbu ndani ya jengo. Mize mwenyewe ndiye aliyeiandika. Na kila Alhamisi baada ya alasiri, Faki akiwa kwenye makopo yake na Kalunde kwenye jenereta, Mize alitoa chetezo, akawasha kaa moja, akatia udi, akakiweka chini ndani ya kabati ili nguo zake za Ijumaa zifukizwe. Mama yake alifanya hivyo maisha yake yote, naye alishindwa kuacha. Dakika kumi tu. Na kwa kuwa kona ile haikuwa na dirisha, moshi ulikaa humo humo ukazunguka.

Alijitetea moyoni. Mrija wa Mzani unavuta hewa juu ya mnara, moshi wake uko chini ndani ya kabati, utafikaje kule? Akaukunja mchoro wa wiki sita, aliokuwa ameuchapa na kuutia duara nyekundu, akautia chini ya godoro.

Alhamisi ikafika. Mize alisimama mbele ya kabati, chetezo mkononi. Asipofukiza leo na kilele kisipopanda, atakuwa amejifunga mwenyewe. Akifukiza kikapanda, atakuwa mwongo anayejua kuwa ni mwongo. Alisimama mpaka kaa likaanza kufa. Mwisho akatia udi. Alijiambia ni kwa ajili ya nguo.

Ijumaa asubuhi, Mize alikuwa anakunywa chai peke yake, Faki akaingia jikoni. Hakusalimu. Alikuwa na kile chetezo, jivu lake limo bado, akakitua mezani pembeni ya kikombe chake kwa adabu kabisa, kama anayemwandalia mgeni.

"Bi Mize," alisema, "hongera. Bahari ya Kipanga siku hizi inajifukiza."

Mize alihisi uso unamwaka. "Sikuelewi, Bwana Faki."

"Utanielewa tu. Nimeinamia mrija wa kutolea hewa, ule wa nyuma ya Mzani. Unanukia udi. Tena si udi wa dukani huu, ni wa kupika mwenyewe kwa sukari na mawaridi, na sukari imeungua kidogo. Kisha nimekwenda kuitazama ile orodha yenu ya uzito wa gesi. Moshi una fenoli, hii inayonuka kwenye dawa ya kuoshea vyoo. Uzito wake ngapi? Tisini na nne! Umempelekea Daktari moshi wa kanzu zako ukauita bahari."

Kalunde alikuwa amefika mlangoni, kaegemea mwimo, anacheka waziwazi.

"Mrija uko juu ya mnara," alisema Mize. "Nyumba iko upande upepo unakokwenda. Moshi wa chumbani utapandaje mita kumi na tano kinyume na upepo? Nieleze, wewe mwenye pua."

Faki akafungua mdomo akaufunga. Pua yake ilijua kilichomo. Haikujua kimeingiaje. Mize aliona hivyo akafurahi, furaha chafu, na kumbe alikuwa amefurahi mapema.

"Mimi nitakueleza," alisema Kalunde.

Akatoka. Punde jenereta ikazima, na kituo kizima kikanyamaza. Friji ya Faki yenye samaki wa wiki ikazima. Skrini za Mize zikazima. Kalunde aliacha pampu moja tu ikivuta kwa betri, akavua viatu, akaanza kutembea kando ya ukuta akiufuata mrija, sikio limegusa bomba, kutoka chumba cha mashine, ukumbini, mpaka chumba cha kulala. Mize alimfuata nyuma akipiga kelele kwamba anaharibu vipimo. Kalunde akauvuka mstari wake mwenyewe wa chaki, akalisukuma kabati la Mize kwa bega, akaweka sikio nyuma yake.

"Hapa," alisema. "Kiungo cha tatu. Kinapiga mluzi. Kinavuta hewa ya kabati lako na kuipeleka kwa Mzani."

Wote watatu wakasimama pale. Hata Mize, akitega sikio kwa bidii, hakusikia mluzi wowote. Lakini Kalunde alipaka povu la sabuni kwenye kiungo, na povu likanyonywa ndani mbele ya macho yao.

"Nilikwambia pampu imebadilika sauti," Kalunde alimwambia Mize. "Umepita mwezi mzima. Ukanijibu nini? 'Wewe shughulika na jenereta.' Haya. Nimeshughulika."

"Na kiungo hiki alikifunga nani?" aliuliza Faki taratibu, akiyakata maneno kama kawaida yake.

Kalunde alimwangalia. Kila kiungo cha Kipanga alikifunga Kalunde. Akachukua spana, akakikaza, akakizungushia utepe, akaenda kuwasha jenereta.

Umeme uliporudi, kile kilele cha tisini na nne kilianguka. Saa sita kilikuwa nusu. Saa nane kilikuwa hakionekani kwa mtu wa kawaida. Faki alikaa jikoni anakula wali wake na samaki aliyeanza kulainika, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima alikuwa anaimba. Kalunde alikuwa anaosha birika lake ambalo halikuwa chafu. Hakuna kipimo, basi hakuna kitanda, na kila mmoja alikuwa radhi akose mradi Mize naye amekosa.

Mize hakula. Alikaa mbele ya skrini na hasira zake. Mniamini, hakuwa anatafuta elimu saa ile. Alikuwa anatafuta kitu kimoja, chochote, cha kuwafunga wale midomo. Akaukuza mchoro mahali penye tisini na nne, pale paliposawazika, akaukuza tena.

Palikuwa na kilima. Kidogo sana, kama uvimbe wa kung'atwa na mbu. Na pembeni yake, kwenye namba tisini na sita, palikuwa na kingine, urefu ule ule.

Mize akavuta pumzi. Moshi wa udi hauna pacha. Fenoli inakaa tisini na nne peke yake. Lakini bromini kwa maumbile yake ina chembe za uzito wa aina mbili, karibu nusu kwa nusu, kwa hiyo gesi yoyote iliyobeba bromini moja hutokea mara mbili, vilele viwili vinavyolingana, vilivyoachana kwa namba mbili. Vilima hivi vilikuwa methili bromidi ya kweli. Ilikuwapo siku zote, imefunikwa na moshi wa kanzu zake.

Akarudi kwenye vipimo vya wiki zote sita. Akakiacha kile kikubwa, akafuata tisini na sita tu. Upepo ukitoka baharini, kilima kinapanda. Ukitoka nchi kavu, kinashuka. Jumatatu, Jumapili, Jumatano, hakichagui siku. Alikaa mpaka alasiri akipanga namba, na alipomaliza alilia, sijui kwa furaha au kwa aibu. Kisha akanawa uso, akachapa karatasi mbili, moja akaibandika juu ya kopo la sukari la Faki na nyingine juu ya la Kalunde.

Basi kipimo kikawa kimepatikana, tena cha kweli. Daktari Salha alipelekewa namba jioni ile ile akajibu kwa neno moja, "Naam!" Na papo hapo furaha ikageuka vita, kwa sababu kitanda nacho kilikuwa kimerudi.

Jumamosi saa nne walikaa meza moja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwezi wa Ramadhani. Fomu ilikuwa katikati, sehemu ya jina iko tupu.

"Anza wewe, Mzee Faki," alisema Kalunde, "na usinipigie kelele, nasikia."

"Mimi sina marefu," alisema Faki. "Pua yangu ndiyo iliyokizuia kituo hiki kisipeleke uongo. Ningenyamaza mimi, leo Bi Mize angekuwa anafunga sanduku, na miezi mitatu mbele watu wangegundua ni udi, na jina la Kipanga lisingesikika tena mahali popote penye watu wazima. Nani angejua? Nyote wawili mlikuwa mnalala katika moshi ule hamuusikii."

"Pua yako ilijua kuna udi," alisema Kalunde. "Ulipoulizwa umeingiaje ukabaki mdomo wazi kama samaki changu. Bila sikio langu mngekuwa mnabishana hadi leo, na moshi wa kabatini ungekuwa bado unaingia na kufunika kila kitu. Nimeziba mimi. Hicho kilima chenu mmekiona kwa sababu nimeziba mimi."

"Ninyi mmeonyesha kisichokuwapo," alisema Mize. "Mmoja kasema si bahari, mwenzake kasema ni kiungo. Mkaenda kula mkashiba. Kilichopo nimekionyesha mimi. Daktari ametaka aliyegundua kipimo, hakumtaka aliyegundua kabati."

Hapo sasa wakaanza kuchimbana.

"Pua hiyo ilianza kusikia udi lini?" Mize alimuuliza Faki. "Sema kweli, wallahi."

Faki hakuona haya. "Alhamisi ya kwanza."

"Wiki sita! Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza. Nilikungoja umpelekee Daktari kwanza. Uliniaibisha mbele ya wageni, nami nilitaka uaibike mbele ya mkubwa. Ungeonywa mapema ungepata wapi adabu?"

Mize akamgeukia Kalunde. "Na wewe? Umesikia mluzi mwezi mzima."

"Nilisema mara moja ukanifukuza. Nikaapa sitasema ya pili. Na nilijua kiungo ni changu, nilikifunga nikiwa nimekasirika siku ile ya ugomvi wa dirisha. Ningesema, ungeandika ripoti. Usijifanye hungeandika."

"Ningeandika," alikubali Mize.

"Haya, sasa zamu yako," alisema Kalunde. Akatia mkono chini ya meza, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaikunjua juu ya fomu. Ulikuwa ule mchoro wa wiki sita, wenye duara nyekundu za Mize mwenyewe kwenye kila Alhamisi. "Mstari wa chaki haufiki chini ya godoro. Tarehe hapa juu ni ya Jumamosi iliyopita. Ulijua, ukampelekea Daktari. Na Alhamisi hii ukafukiza tena. Nilikuwa nje ya dirisha, Dada Mize. Nimekuona umesimama na chetezo muda wote ule. Nilisema moyoni, huyu ataacha. Hukuacha."

Mize alitamani ardhi ipasuke. Lilikuwa kweli lote.

"Basi tumelingana," alisema Faki baadaye, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Lakini sikilizeni. Mimi nimejaza makopo elfu tatu katika kisiwa hiki. Ripoti zote zinasema, sampuli zilichukuliwa. Zilichukuliwa na nani? Na upepo? Sina cheti, najua. Nataka mara moja tu jina langu liandikwe mahali."

Kalunde alitazama mikono yake. "Daktari wa masikio kaniambia hili la kulia limebakiza miaka miwili. Jenereta zenu zimelila. Siwaombi huruma, hamna. Nataka kuisikia injini ya meli kubwa wakati bado nasikia."

"Na mimi..." Mize alianza.

"Ya mama yako tunaijua," alisema Kalunde. "Unaisema usingizini."

Nje boti ya chakula ilikuwa imefika. Nahodha wake, Shaame, alishusha viroba vya unga, akapandisha madebe matupu, kisha akaja mlangoni akifuta jasho.

"Jamani, hiyo karatasi. Maji yanatoka. Nikikaa robo saa nimelala mchangani mpaka jioni, na mimi na ninyi watu siwezi kukaa mpaka jioni."

Faki akaichukua fomu. Wote walidhani ataandika jina lake. Hakuandika. Alishuka moja kwa moja hadi sehemu ya sahihi, akatia sahihi yake kubwa ya mtu wa karafuu, akaisukuma fomu kwa Kalunde. Sehemu ya jina ilibaki tupu.

"Mimi nimemaliza," alisema. "Jina andikeni ninyi. Nataka nione nani mwenye uso wa kuandika la kwake."

Kalunde aliitazama karatasi, akamtazama Faki, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane walielewana bila kusema. Akatia sahihi yake. Akaivusha fomu juu ya meza mpaka mbele ya Mize, na kalamu juu yake.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye mwenye jicho. Tuonyeshe."

Wakanyanyuka wote wawili, kila mmoja akaenda kwenye birika lake, wakampa mgongo. Hawakumwachia kwa wema, msije mkadanganyika. Akiandika jina la Faki, Kalunde atasema amemwogopa mzee. Akiandika la Kalunde, Faki atasema amenunua ukimya wake juu ya ule mchoro. Akiandika lake, wote wawili watakuwa wamepata ushahidi wa walichokuwa wakikisema juu yake miaka yote. Asipoandika kitu, kitanda kinakwenda kwa watu wengine, na hewa ya kusini ataisoma kwenye makaratasi ya wenzake mpaka kufa kwake.

Sahihi mbili zimo. Ya tatu ni yake. Shaame ameshateremka ufukweni, na injini ya boti imewaka.

Mize ameshika kalamu. Wino umeshagusa karatasi, umeacha nukta moja.

Mimi naishia hapo hapo, kwenye nukta. Haya, semeni ninyi. Pua ilijua ikanyamaza, sikio lilisikia likanyamaza, jicho liliona likanyamaza. Kisha pua ikasema kwa kisasi, sikio likasema kwa kiburi, na jicho likatafuta kwa hasira, na ukweli ukatoka hivyo hivyo, nao usingetoka kama mmoja wa watatu angepungua. Kitanda cha nani? Na kama Mize ataandika jina lake, je, atakuwa amelistahili au ameliiba?

Usinitazame mimi. Kalamu iko mkononi mwako wewe, na maji yanatoka. Ungeandika jina la nani?